Vijiko Ishirini vya Mchanga

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu. Bati la karakana linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya jiliwa ninalobania vyuma, nimetega ndoo.

Mashindano ya klabu ya kulenga shabaha yanaanza wiki ijayo. Mke wangu ameniletea gobori lake, lile la kushindilia baruti mdomoni aliloachiwa na mjomba wake. "Baba Pacha, kifyatulio kizito hiki. Nilainishie kidogo." Nimelilainisha. Kwa atakayesoma daftari hili nikishafukiwa: ndani ya gobori mna kipande cha chuma chenye pengo, na jino dogo huingia kwenye pengo hilo likaishika nyundo isianguke. Ukivuta kifyatulio, jino linachomoka, nyundo inapiga, risasi inakwenda. Pengo likiwa na mikwaruzo, kifyatulio kinakuwa kizito. Likiteleza, kinakuwa chepesi. Basi unalisugua kwa jiwe la mafuta, polepole. Ni hivyo tu, na hapa mjini anayeweza ni mimi.

Marehemu baba hakuwa akitoa bunduki karakanani bila kuipima kwa kopo la mchanga. Gobori tupu unalisimamisha wima, nyundo umeitega, chini yake umeweka kipande cha ngozi, kisha unatundika kopo kwenye kifyatulio na kutia mchanga kwa kijiko kikubwa cha kupakulia, kimoja kimoja, mpaka nyundo iachie. Isipofika vijiko ishirini, bunduki haitoki. Kopo bado liko msumarini. Mimi situmii. Kwa miaka yote hii kidole changu ndicho mizani.

Mke wangu amevuta mara moja, akacheka. "Siagi!" Siku nzima nimepiga mbinja.

Jumamosi, 9 Machi

Wa pili! Wa pili kati ya walengaji kumi na tisa, na wa kwanza kwa wanawake. Nimetembea uwanjani kifua mbele, kama aliyelenga ni mimi.

Kilichoniharibia siku ni Glovu. Huyu ndiye fundi mpya, alifungua karakana ng'ambo ya barabara mwaka jana. Jina nimempa mimi, kwa sababu hufanya kazi amevaa glovu nyeupe kama daktari wa meno. Amekuja kumpongeza mke wangu, akavua glovu ndipo akampa mkono. Kwa wanaume haivui. Nimechunguza.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumamosi, 16 Machi

Sikwenda uwanjani, nilikuwa na kitako cha bunduki kwenye gundi na gundi haingoji mtu. Mke wangu amerudi mapema, hana neno. Hakumaliza raundi zote. "Nimechoka," basi. Amesindikizwa na shemeji, mdogo wake, yule anayemshikia mfuko wa baruti kila wiki. Shemeji alikuwa amevaa kandambili, matope mpaka kwenye vifundo.

"Buti ziko wapi?"

"Moja imefariki, shem. Nyingine inaomboleza."

Nimecheka peke yangu. Mke wangu alimkata jicho.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Mke wangu ametoka na mwavuli na mkoba mdogo, amekaa saa mbili. Ukutani gobori lake limepata unyevu, nimelishusha, nimepangusa, nimepaka mtutu mafuta, nimelirudisha. Mambo haya hayafanyi mtu mwingine humu ndani.

Jumanne, 19 Machi

Katibu wa klabu amekuja kutafuta skrubu. Mama mmoja mpole, hana nia mbaya, ndiyo maana maneno yake yanaingia ndani. "Jana nilimwona mkeo kwa fundi mwenzako. Vizuri mnashirikiana."

Fundi mwenzangu. Nimempa skrubu isiyo yake.

Mke wangu alipokwenda dukani nimelishusha gobori, nikalishusha na kopo la baba kutoka msumarini. Sijui kwa nini. Nilitaka tu kujua mkono wa mtu umefanya nini kwenye kitu changu. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Cha tano nyundo ikaanguka.

Vitano! Ukipiga chafya, limelia. Nimerudia mara tatu: vitano, vitano, vitano.

Nimejua mara moja. Glovu amelisugua kupita kiasi ili mke wangu apate alama nyingi na sifa ziende kwake. Nilipaswa kumwambia mke wangu palepale, mlangoni, kabla hajatua kikapu. Nimenyamaza. Nataka ushahidi kwanza, nimkamate mtu na kitu chake mkononi. Kuanzia leo nitaandika kila namba hapa.

Alhamisi, 21 Machi

Ametoka asubuhi na gobori kwenye mfuko wake. Amerudi mchana. Sikuuliza, sikuambiwa.

Ijumaa, 22 Machi

Vijiko kumi na kimoja. Amelichezea tena!

Jumapili, 24 Machi

Jana uwanjani mke wangu alikuwa akitega nyundo taratibu sana, mtutu umeelekea mbele, na shemeji amesimama mbali hatua kumi. Zamani walikuwa wakisimama bega kwa bega wakitaniana. Sasa hata ndugu yake anaona aibu, nimejisemea.

Amekuwa wa saba. Nikasikia raha kidogo, halafu nikaona haya, halafu raha ikarudi.

Leo nimepima: vinane. Juzi kumi na kimoja, leo vinane. Fundi gani huyu, kila siku namba nyingine?

Alhamisi, 28 Machi

Jana alikwenda tena. Leo kumi na vinne.

Jumapili, 31 Machi

Kumi na viwili. Mvua.

Jumamosi, 6 Aprili

Uwanja umejaa maji, mashindano yameahirishwa. Mke wangu ameniaga anakwenda kwa dada yake. Njia ya kwa dada yake inapita mbele ya karakana ya Glovu, nami nikakumbuka nina haja ya misumari, na misumari inauzwa upande huohuo.

Dirisha lake ni kubwa, kioo kisafi, taa nyeupe. Mke wangu alikuwa ndani. Amekaa kwenye kigoda mbele ya jiliwa, na mikononi, nimeona kwa macho yangu mwenyewe, amevaa glovu za yule mtu. Glovu zenyewe! Yeye Glovu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mitupu, anamwonyesha kitu kwa ncha ya penseli. Mke wangu akasema neno, wote wawili wakacheka. Kicheko kilekile cha "siagi".

Nimesimama kwenye mvua kama nguzo. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, karakana yangu anaingia kuleta chai na kutoka. Hajawahi kukaa kwenye kigoda changu. Au niseme kweli: hajawahi kukaribishwa. Lakini si lazima mtu akaribishwe kwake.

Misumari sikununua.

Jumapili, 7 Aprili

Tumegombana. Nilianza kwa kuuliza dada hajambo. Akasema hajambo. Nikasema dada siku hizi anafuga glovu nyeupe. Akaweka sufuria chini.

"Umenifuata."

"Nilikwenda kununua misumari."

"Iko wapi?"

Nikapandisha sauti. Nikamwambia nyumba ina fundi, baba yake fundi alikuwa fundi, na yeye anapeleka gobori kwa mtu wa jana anayeogopa grisi. Nikamuuliza yule anampa nini ambacho mimi sina.

"Baba Pacha, hebu nijibu kitu kimoja. Unaona wivu juu yangu au juu ya kazi?"

Nikasema juu ya vyote viwili. Huo ndio ukweli, na ulitoka vibaya.

"Yule anasikiliza," akasema. "Nikimwambia kitu, haniulizi kwanza nimekosea nini." Kisha akaenda kuanua nguo, na mvua ilikuwa ikinyesha, hakuna nguo iliyokuwa imeanikwa.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemwandikia Katibu barua. Kwamba fundi huyo anatengeneza vifyatulio vyepesi vya hatari, kwamba nimepima kwa kopo nikapata vijiko vitano, kwamba naomba kamati imwondoe kwenye orodha ya mafundi wa klabu kabla mtu hajaumia. Kila neno ni kweli.

Kamati itakaa tarehe ishirini na saba.

Jumatatu, 15 Aprili

Maneno yameenea. Watu wawili wameondoa magobori yao kwa Glovu wakaniletea mimi. Nimekula vizuri kuliko wiki zote.

Alasiri nimemwona amesimama mlangoni kwake, barabara nzima iko kati yetu. Amenipungia mkono. Sikuuona.

Jumapili, 21 Aprili

Kumi na vitano. Naandika tu.

Na mke wangu haongei nami ila "karibu chakula" na "maji yamechemka". Jana alikuwa wa tisa.

Ijumaa, 26 Aprili

Naandika haya mkono ukiwa mzito.

Baada ya chakula cha mchana nimekaa karakanani kunakili ushahidi kwenye karatasi safi, tarehe na namba, ili kesho niisomee kamati. Nikapiga mstari katikati ya karatasi. Kushoto niliandika siku mke wangu alizokwenda kwa Glovu, kulia vijiko nilivyopima.

Alipotoka kwake tarehe 21, kumi na kimoja. Alipotoka kwake tarehe 27, kumi na vinne. Nikainua kalamu. Kila gobori lilipotoka kwa Glovu, lilikuwa zito zaidi. Namba ilishuka baada ya kulengewa uwanjani, kisha likirudi kwake inapanda tena. Mtu huyu hakuwa akilifanya jepesi. Alikuwa akihangaika kulifanya zito.

Nikajiambia: sawa, na vile vitano? Vitano ni vyake, mke wangu alikwenda kwake Jumatatu, Jumanne nikapima vitano. Nikafungua ukurasa wa Jumatatu hiyo. Ni mwandiko wangu mimi. Mke wangu ametoka na mwavuli na mkoba mdogo, na gobori liko ukutani, nami ndiye niliyelishusha nikalipangusa. Alikwenda kwa Glovu mikono mitupu. Siku nilipopima vile vitano, Glovu alikuwa hajaligusa gobori hilo hata kwa kidole.

Kabla ya hapo nani aliligusa? Nikafungua ukurasa wa kwanza. Siagi.

Nikashusha gobori, nikafungua kitasa chake cha chuma kinachobeba nyundo, nikatoa kile kipande chenye pengo, nikakipeleka dirishani. Chuma cha namna ile kina ngozi ngumu juu na nyama laini ndani. Mafundi wote wanajua: unasugua ngozi, huitoboi. Mimi nilikuwa nimeitoboa. Palipong'aa sana, pale nilipojisifia, palikuwa chuma laini kama madini ya risasi, na jino limelichimba pengo mpaka ukingo umebaki uzi. Siku ile nilipomaliza pengine kilikuwa kumi na vinane, pengine kumi na sita, Mungu ndiye ajuaye, sikupima. Kila alipolenga, ukingo uliliwa, kifyatulio kikawa chepesi zaidi. Glovu amekaza springi mara mbili, mara tatu, lakini springi haiponyi pengo.

Shemeji akaingia nikiwa nimekaa hivyo, kile kipande mkononi. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki.

"Shem, dada kanikataza. Ila kesho mnataka kumfukuza mtu wa watu, na mimi siwezi." Akatoa buti la kushoto. Kwenye soli, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye kidole gumba, palikuwa na tundu linaloingia gololi ya gobori. "Ile Jumamosi ya kandambili. Alitega nyundo, hajaliinua hata begani, likalia lenyewe. Mimi nilikuwa ubavuni kwake. Lilipita hapa."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia, ungesema kavuta vibaya."

Nikataka kubisha. Lakini ndivyo ningesema. Ndivyo ninavyosema kila mara.

Shemeji kaenda, buti ameliacha kwenye meza yangu. Naliangalia ninapoandika. Na si tundu linalonitafuna zaidi. Tarehe kumi na tisa Machi nilijua ni vijiko vitano. Nikanyamaza ili nipate ushahidi, na Jumamosi iliyofuata nikamwacha mke wangu aende nalo uwanjani. Asingekuwa amelipeleka kwa yule mtu Alhamisi, angekwenda na vitano.

Jumamosi, 27 Aprili

Asubuhi nilimkuta mke wangu jikoni, nikaweka kipande cha chuma mezani mbele yake. Nikasema, "Ni mimi."

Akasema, "Najua. Tangu Machi."

Glovu alimwambia siku ile ya kwanza kabisa, alipokwenda kumuuliza tu kabla hajampelekea gobori. Akamwambia kipande hiki kinataka kutengenezwa upya na mwenye kukitengeneza ni mumeo, nenda kamwambie. Mke wangu ndiye aliyemsihi: nikazie springi kwanza, msimu upite, nitamwambia taratibu. Yule mtu hakutaka. Akakubali kwa sharti moja, kwamba aje kujifunza kupima mwenyewe. Ndiyo glovu zile dirishani. Alikuwa akifundishwa kupima.

"Ulikuwa umefurahi sana siku ile," mke wangu akasema. "Ulipiga mbinja mpaka jioni. Nilishindwa pa kuanzia."

Kwenye kamati kulikuwa na watu tisa na benchi moja lenye mguu mbovu. Glovu alikaa kwenye hilo benchi. Katibu akasoma barua yangu, kisha akamuuliza ana la kusema. Akatazama mikono yake, akasema hana, kamati iamue itakavyoona. Akamtazama mke wangu kidogo, akatazama chini. Angefukuzwa hivyohivyo, mdomo umefungwa, kwa ajili ya heshima yangu mimi niliyemzulia.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno, nikayaacha, nikafungua daftari hili nikawasomea. Tarehe mbili Machi, siagi, mbinja, kidole changu ndicho mizani. Tarehe kumi na nane, gobori liko ukutani. Tarehe kumi na tisa, vitano, nimenyamaza. Nikasoma na yale ya glovu na mkono, kwa sababu ningeruka sehemu wangejua nimeruka. Mtu mmoja nyuma akacheka, Katibu akamnyamazisha. Kisha nikaweka kipande na buti mezani nikakaa.

Halafu Katibu akauliza kwa sauti yake ileile ya upole, "Sasa tufanyeje na barua?"

Nikasema ibadilishwe jina. Wameniondoa mimi kwenye orodha, msimu mzima.

Nje, Glovu alinisubiri chini ya upenu. Nilidhani atanitukana, ningeshukuru. Akasema, "Kaka, nina kipande cha chuma kizuri. Ila tanuri lako ni bora kuliko langu."

Nilikuwa nimemwonea wivu kwa mke, kwa kazi, kwa kioo cha dirisha. Sasa namwonea kwa hili, na hili ndilo baya zaidi, kwa sababu siwezi kuliandikia barua.

Jumamosi, 4 Mei

Tumetengeneza kipande kipya, mimi, yeye na mke wangu, kwenye karakana yangu. Nimempa mke wangu kigoda. Pengo nimelichonga kwa tupa kubwa kwanza, kisha ndogo. Glovu ameshika taa. Ile ngozi ngumu tumeitia kwa kukiunguza kipande kwenye makaa ya mifupa mpaka kikawa chekundu, tukakitosa majini. Tupa ikateleza juu yake bila kukwaruza. Hapo tukajua imeshika.

Kopo akatundika mke wangu, mchanga akatia mwenyewe, akihesabu kwa sauti. Kumi. Kumi na tano. Kwenye ishirini akasimamisha kijiko. Nyundo ikabaki juu. Kwenye ishirini na moja ikaanguka juu ya ngozi. Akarudia mara tatu, jibu lilelile.

Glovu alikuwa hana glovu. Nimemuuliza. Anasema mikono yake huvimba kwa mafuta ya mashine tangu utotoni, ndiyo maana huzivaa, na anapompa mwanamke mkono huvua kwa sababu mama yake alimfundisha hivyo. Miezi yote hiyo ningeweza kuuliza.

Jumamosi, 11 Mei

Mashindano ya mwisho. Jua limetoka, uwanja unatoa mvuke. Kabla hajatoka nyumbani mke wangu amelipima mbele yangu: ishirini na moja.

Amekuwa wa sita. Kifyatulio kizito kinataka mkono uliotulia, na wake msimu mzima ulikuwa umezoea siagi. Nilimsogelea na sura ya kumpa pole.

"Usinipe pole," akasema. "Wa sita, na vidole vya mdogo wangu vyote kumi vipo." Akanipa gobori nilibebe. Shemeji alikuwa amesimama ubavuni kwake, bega kwa bega, na buti mpya.

Jumapili, 12 Mei

Sikulala vizuri kwa jambo moja. Mwezi wa pili na wa tatu nililainisha vifyatulio vingine vitatu. Vyote kwa kidole.

Asubuhi nimetoka na kopo, mfuko wa mchanga na kijiko. Mke wangu ametaka kunisindikiza, nimemwambia hii ni safari yangu. Nyumba ya kwanza ni ya mwalimu mstaafu anayependa kuwinda njiwa. Amefungua mlango na kikombe mkononi, akafurahi kuniona, akasema gobori lake halijawahi kuwa tamu kama mwaka huu, tena analisifia kwa kila mtu kwamba ni kazi yangu.

Nimemwomba alilete, nilipime.

"Kwani lina nini, fundi?"

Nikamwambia, "Nililigusa mimi, na sikulipima."